Watazamaji Arobaini na Mlango Uliofungwa

Mkutubi aliyekuwa akiagiza filamu katika maktaba ya chuo kikuu alikuwa na jina lake zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia. Kuanzia mfagizi hadi mkuu wa chuo, wote walimwita Nakala Tatu. Alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili ghorofa ya pili, katika chumba chenye dirisha moja na makabati manne ya chuma, na kila aliyeingia kuomba filamu ya kufundishia alirudishwa akajaze fomu nakala tatu. Moja ilikuwa ya maktaba, moja ya mhasibu, na ya tatu hata yeye hakujua ni ya nani, ila aliikuta alipoanza kazi na hakuona sababu ya kuidhulumu. Siku moja alimrudisha mkuu wa kitivo kwa sababu muhuri ulikaa upande. Mzee wa watu alinuna wiki nzima. Nakala Tatu wala hakutingishika.

Watu wengi hudhani filamu ya darasani hupatikana kama kitabu, unaagiza, inaletwa, unaipanga rafuni. Laiti wangejua! Kitabu ukishakinunua ni chako, hata ukitaka kukifanya mto. Filamu, hununui filamu yenyewe, unanunua ruhusa ya kuitazama, na ruhusa yenyewe huja na masharti kama ya mganga: nani atatazama, wangapi, chumba gani, mara ngapi, na wakishatazama watafanya nini na walichokitazama. Wakutubi wengine kazi hiyo iliwatoa jasho. Nakala Tatu aliipenda. Alisoma mikataba yenye maandishi madogo huku akinywa chai, taratibu, mstari kwa mstari, na akikuta kosa la wakala alitabasamu peke yake.

Basi asubuhi moja akaingia mhadhiri wa historia ya kazi, bwana mwembamba mwenye miwani aliyoifunga uzi mkono mmoja. Alikuwa ameona kwenye orodha ya wakala fulani filamu ya hali halisi ya dakika hamsini na mbili, kuhusu mafundi wa kazi ambazo mashine zimeshazimeza. Kulikuwa na mchonga mihuri humo, na mrekebisha taipureta, na mfunga vitabu. Fomu alileta nakala tatu, mihuri imenyooka. Nakala Tatu akamwangalia kwa heshima.

"Kaa, mwalimu," akasema, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Akafungua orodha ya wakala kwenye kompyuta yake. Pembeni ya maelezo ya filamu palikuwa na picha moja ndogo, mkono wa mwanamume umeshika brashi ya gundi. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa plasta ya kahawia, imezungushwa mara mbili, ncha yake imekunjiwa ndani.

Kidole kile alikijua. Kilikuwa cha baba yake.

Baba yake alikuwa mfunga vitabu wa maktaba hiyohiyo. Miaka thelathini alikaa chumba cha chini ya ardhi, akishona migongo ya vitabu iliyochanika, na alikuwa amefariki miaka tisa sasa. Nakala Tatu akakumbuka kwamba kweli, zamani, watu wa kamera waliwahi kushuka kule chini siku mbili. Walimwahidi mzee kwamba watamletea nakala yake. Wakampiga kalenda mpaka akastaafu, wakampiga kalenda mpaka akazikwa.

"Dada, kuna tatizo?" mhadhiri akauliza.

"Hakuna," akasema Nakala Tatu. "Mihuri iko sawa."

Mchana alimpigia simu mama yake. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, amestaafu, anakaa peke yake na cherehani ambayo bado aliipaka mafuta kila Jumamosi ingawa hakushona tena. Nakala Tatu akamweleza habari ile.

"Anaongea humo ndani?" akauliza.

"Wanasema anaongea dakika nne."

"Kwa sauti yake mwenyewe?"

"Sasa ataongea kwa sauti ya nani, Mama?"

"Usinichezee, mwanangu. Picha za baba yako ninazo, zimejaa sanduku zima. Lakini picha haziongei. Nimeanza kuisahau sauti yake, unasikia? Juzi nilijitahidi nimsikie akiniita, akaja mtangazaji wa redio. Yule wa taarifa ya habari. Akaniita jina langu vizuri kabisa. Nililia."

Nakala Tatu alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akisema amelia, hata kwenye msiba wenyewe. Akaweka simu chini akakaa akiitazama, kisha akaanza kazi.

Wakala wa filamu alikuwa na sauti tamu ya mtu ambaye hajawahi kusema ndiyo maishani mwake.

"Dada yangu, hatuuzi kwa mtu binafsi," akasema. "Taasisi tu. Kwa darasa, wanafunzi walioandikishwa kwenye somo."

"Ni kwa mama yangu, ni mjane. Aliyemo kwenye filamu ni mumewe."

"Poleni sana. Je, mama ni taasisi?"

"Hapana."

"Basi nakupa pole tena."

"Huyo mtu ni baba yangu," Nakala Tatu akasema.

"Naelewa, dada. Lakini kisheria, baba yako ni dakika ya kumi na moja hadi ya kumi na tano."

Akakubali hata hivyo kumtumia nakala ya majaribio, ili maktaba ijiridhishe kwamba filamu inafaa. Nakala Tatu akafunga mlango, akavuta pazia, akafungua. Loo! Nakala ya majaribio haikuwa na sauti hata kidogo, kwa ajili ya kulinda haki, na katikati ya kioo ulitandazwa muhuri mwekundu wenye neno SI KWA MATUMIZI. Dakika ya kumi na moja baba yake akatokea, amekaa kwenye kigoda chake, aproni imeganda gundi. Muhuri ukamkalia usoni barabara. Hakuonekana macho wala pua, ilionekana midomo tu chini ya herufi, inafunguka na kujifunga. Akazungumza hivyo dakika nne nzima. Mwishoni akacheka, mabega yakapanda, na binti yake hakujua amecheka nini. Ilimkata maini.

Siku mbili baadaye ukaja mkataba. Ulikuwa na kurasa kumi na saba, na kwa mara ya kwanza maishani Nakala Tatu alisoma mkataba akitafuta mwanya. Hakuna mwanya. Ruhusa ilikuwa ya miaka mitatu, onyesho moja kila mwaka, chumba kimoja, mlango umefungwa. Watazamaji wasizidi arobaini, mwalimu akiwemo. Wote wawe wameandikishwa kwenye somo, wawe wamesaini kwamba hawatasimulia yaliyomo nje ya darasa, na mwisho wa muhula wafanye mtihani wenye angalau swali moja kuhusu filamu, ili kuthibitisha kwamba walijifunza na hawakuburudika. Kwenye neno "hawakuburudika" mwandishi wa mkataba alikuwa amepiga mstari.

Fundi mitambo wa chuo, aliyeendesha projekta, aliposikia, akasema, "Mama huyo mwingize tu kimyakimya. Atakaa nyuma. Nani atajua?"

Usiku ule wazo hilo lilimsumbua Nakala Tatu, na ukweli usemwe, alikaribia kabisa. Mtu aliyemrudisha mkuu wa kitivo kwa muhuri! Asubuhi akamweleza mama yake.

Mama akakataa katakata. "Baba yako aliingia maktaba ile kwa mlango wa mbele miaka thelathini," akasema. "Mimi nikamwone kwa kunyata kama mwizi wa kuku? Niandikishe."

"Nikuandikishe nini?"

"Shule. Si unasema wanaotakiwa ni wanafunzi? Niandikishe niwe mwanafunzi."

Nakala Tatu akafungua kanuni za chuo, na humo, ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuufungua, akakuta kwamba mtu mzima yeyote anayejua kusoma na kuandika anaweza kuandikishwa kwa somo moja. Darasa la historia ya kazi lilikuwa na wanafunzi thelathini na wanane. Ukimweka na mwalimu, thelathini na tisa. Ilibaki nafasi moja, ya mtu mmoja, na Nakala Tatu hakuhitaji kukuna kichwa kujua ni ya nani. Ila alijaribu bahati yake kwa mhadhiri.

"Wewe, mwalimu, lazima uwemo?"

"Filamu nisiyoiona nitaifundishaje?" mhadhiri akashangaa. "Naisubiri kama mwali."

Basi ikawa hivyo. Mama akapelekwa kwa msajili, akiwa amevaa gauni la harusi za watu. Msajili, kijana aliyependa utaratibu karibu sawa na Nakala Tatu, akamuuliza maswali yote ya kwenye fomu bila kuruka hata moja.

"Umewahi kufukuzwa chuo chochote?"

"Bado."

"Unacheza mchezo gani?"

"Nimeacha."

"Matarajio yako baada ya kuhitimu?"

"Kupumzika," akasema mama, miaka sabini na minne. Msajili akaandika.

Nakala Tatu alidhani mama atakwenda siku ya filamu tu. Alijidanganya. Mwanamke yule alipoona kitambulisho chenye picha yake, akakitia mfuko wa plastiki akakivaa shingoni, na hakukosa kipindi hata kimoja. Alikaa mstari wa mbele. Mhadhiri alipofundisha habari za viwanda vya nguo, mama alinyoosha mkono akamwambia kwamba cherehani hiyo anayoisema haishoni vifungo, aliyemwambia kamdanganya. Mhadhiri akafuta ubaoni. Wanafunzi walimwita Bibi, wakamkalia pembeni, wakanakili daftari lake, na yeye akawashonea vifungo vilivyokatika huku mhadhiri akiendelea. Wiki ya tano alipata alama za juu kuliko wote kwenye insha. Akampigia simu bintiye kumjulisha, kisha akampigia tena kumkumbusha.

Siku ya filamu ikafika. Ilikuwa saa nne asubuhi, chumba namba sita. Wakala alikuwa ametuma kiungo ambacho kingefunguka kwa muda wa saa moja tu kisha kijifunge. Nakala Tatu akasimama mlangoni na orodha, akihesabu vichwa na kuweka alama. Walipotimia arobaini, fundi mitambo akabaki amesimama karibu na projekta.

"Na mimi je?" akauliza. "Nani ataiendesha?"

Nakala Tatu akafungua mkataba ukurasa wa kumi na mbili. Fundi aliruhusiwa kuwepo pasipo kutazama. Wakamgeuzia kiti, akakaa uso ukutani, rimoti ameipitisha juu ya bega kama mtu anayejikuna mgongo. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuaibishwa hivyo. Mama akatoa peremende kwenye pochi akampa.

"Wewe huingii?" mama akamuuliza bintiye.

"Nafasi zimekwisha, Mama."

Mama akamtazama, akashika kitambulisho chake kama anayetaka kukivua.

"Kaa," Nakala Tatu akasema haraka. "Kaa chini, Mama. Wewe ndiye uliyeandikishwa." Akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa palikuwa na kifungu cha tisa. Kifungu cha tisa kilisema msimamizi ahakikishe kwamba sauti ya filamu haisikiki nje ya chumba. Utahakikishaje kwamba kitu hakisikiki usipokisikiliza? Nakala Tatu akatazama huku na huku kwenye korido, akaona hakuna mtu, akavua hereni ya sikio la kulia, akalibandika sikio mlangoni. Akatazama saa. Dakika ya tisa. Ya kumi. Ya kumi na moja.

Mlango ulikuwa wa mbao nene, wa enzi ambazo watu walijua kutengeneza milango. Alichosikia ni mngurumo tu, wa chini, unaokatikakatika, kama mtu anayeongea huku ameshika sindano mdomoni. Baba yake aliongea hivyo daima, na sindano mdomoni, na nyumbani walikuwa wakimkaripia kwa ajili hiyo. Alikaza sikio mpaka likauma. Hakupata hata neno moja. Kisha mngurumo ukaisha, darasa zima likacheka, na katikati ya vicheko vyote akasikia wazi kabisa kicheko cha mama yake.

Akavaa hereni. Akajaza fomu ya kifungu cha tisa: "Sauti haisikiki nje." Ilikuwa kweli tupu, na ndicho kilichomuuma. Akajaza nakala tatu, ya tatu ikalowa pembeni akaifuta kwa kiganja.

Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu na uso unang'aa. Nakala Tatu akamshika mkono.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Mama, tafadhali. Baba. Alisema nini? Alicheka nini?"

Mama akafungua midomo, akafunga. "Nilisaini," akasema. "Yaliyomo hayasimuliwi nje ya darasa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea kalamu."

"Mimi ni binti yake!"

"Hata mimi nimekuonea huruma, mwanangu. Lakini nikivunja, wakala akajua, ruhusa itakwenda na maji. Miaka miwili imebaki." Akamgongagonga begani, akaenda zake kantini na wanafunzi wenzake.

Muhula ukaisha, mtihani ukafanywa. Wiki moja baadaye mhadhiri akaingia ofisi ya Nakala Tatu bila kubisha, amefura, miwani imelegea uzi. Akatupa karatasi mezani.

"Dada, mimi sielewi. Mama yako alikuwa wa kwanza darasani. Wa kwanza! Wenzake wamefaulu kwa daftari lake. Tazama alichonifanyia."

Nakala Tatu akaitazama. Jina limeandikwa vizuri juu, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya wino. Swali la kwanza hakujibu. La pili hakujibu. Amepiga mistari kwa rula, nafasi ya majibu ameiacha nyeupe, safi, karatasi tatu nzima. Swali la tano ndilo lililokuwa la filamu. Liliuliza kwa kifupi, mfunga vitabu alisema nini kuhusu kazi yake. Hapo tu ndipo palipokuwa na jibu, mstari mmoja.

*Sikumsikia vizuri. Naomba kurudia.*

"Hakumsikia vizuri!" mhadhiri akafoka. "Alikaa mbele kabisa! Na swali lenyewe la kupewa bure, mzee mwenyewe pale anasema wazi kwamba yeye—"

"Usiniambie!" Nakala Tatu akapiga kelele, mikono masikioni. "Usiniambie, mwalimu. Mimi sijaandikishwa."

Nakala Tatu akashusha mikono polepole. Akavuta kanuni za chuo, ingawa alishajua zinasema nini. Mwanafunzi aliyefeli ataruhusiwa kurudia somo, mara mbili tu. Akavuta mkataba wa wakala. Miaka mitatu, onyesho moja kila mwaka. Mama yake, aliyeishia darasa la saba, alikuwa amesoma kurasa zote kumi na saba na kupiga hesabu yake sawasawa, na Nakala Tatu, mwenye shahada mbili za ukutubi, hakuona kitu. Akacheka, kisha akainama akajipangusa macho kwa ukingo wa fomu iliyokuwa karibu.

"Mfelishe," akasema.

"Roho inaniuma, dada. Nikimpa alama za huruma—"

"Ukimpa hata alama moja ya huruma, mimi na wewe tumekosana. Mfelishe vizuri, afeli kabisa."

Mhadhiri akamtazama yeye, akatazama karatasi, akausoma tena ule mstari mmoja. Safari hii aliusoma taratibu, mpaka mwisho. Akavua miwani, akaanza kuufunga uzi upya, na kazi hiyo ikamchukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Filamu mimi nimeshaiona," akasema baadaye, bila kuinua uso. "Mwakani naweza kukaa na fundi. Tutatazama ukuta wote wawili."

Nakala Tatu alikuwa ameshafungua kabati la tatu, anatafuta fomu za kujiandikisha. Akazipata, akazipanga mezani moja chini ya nyingine na karatasi ya kaboni katikati, akaandika jina lake kamili, lile ambalo hakuna aliyelitumia, pamoja na jina la baba yake. Kwenye michezo akaandika hakuna. Penye matarajio baada ya kuhitimu kalamu ikasimama, akafikiri kidogo, kisha akaandika kwamba hatarajii kuhitimu mara ya kwanza.